Ringi Iliyotangaza Msiba Usio na Maiti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nilipoandika neno hilo nilisubiri kidogo kwa mazoea. Marahaba yako ilikuwa inakuja kwa kuvuta, kana kwamba unaipima kwanza shikamoo ya mtu uone kama ina adabu ya kutosha.

Nakuandikia kutoka nyumbani kwangu Milanzi. Upepo wa Juni umeanza, nimejifunika blanketi lako lile la kijivu, na usiniulize nililipataje, maana Mama alinipa mwenyewe na dada zangu hadi leo wananinunia. Nimestaafu. Miaka yote niliyofundisha hesabu imekwisha, na baadhi ya wanafunzi wangu wana mvi kunizidi. Lakini leo sitaki kukuhadithia ya ualimu. Nataka turudi kwenye ile Jumamosi ya gamelan, kwa sababu kuna jambo nimelikalia kimya tangu siku ile, na kimya chenyewe sasa kimenichosha.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye mambo yale? Wewe ulidhani nililazimishwa na chuo, na mimi nikakuacha udhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilifuata chai. Kule chuoni Dar kulikuwa na gamelan, yaani seti ya vyombo vya muziki kutoka Indonesia, zawadi ya urafiki wa mataifa, vimefunikwa turubai bohari bila mtu anayejua hata kushika nyundo zake. Kisha akaja Bwana Wiryo, mtu mfupi wa kisiwa cha Java, aliyeletwa kufundisha kilimo cha mpunga. Siku alipofunua lile turubai karibu alie. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo: wanahitajika wanafunzi kumi wenye subira. Zuhura, yule binti wa mfanyabiashara wa Sumbawanga niliyekaa naye chumba kimoja, akaniambia, "Twende, shoga, huwezi kujua, labda kuna chai." Kweli chai ilikuwepo, na maandazi.

Subira nayo ilihitajika. Kwanza mnavua viatu. Kisha hakuna kuruka chombo hata kiwe kidogo namna gani, unazunguka, maana kukiruka ni kukitukana. Mimi nilipewa kile chenye vibao vya shaba vilivyopangwa mbele ya miguu yako kama ngazi iliyolazwa. Mkono wa kulia unagonga kibao, na wa kushoto unakuja nyuma yake kukibana kisiendelee kulia wakati unagonga kingine. Nilikuandikia hivi: mkono mmoja unasema, wa pili unamnyamazisha mwenzake kabla hajarudia. Ukanijibu kwa mstari mmoja tu: "Hiyo ni ndoa, siyo ngoma." Mama alinieleza baadaye kwamba ulicheka peke yako siku mbili kwa mstari ule, ukakataa kumwambia unachocheka.

Nikakuandikia pia habari za gongi kubwa. Ni duara la shaba pana kama ungo, lenye kitovu katikati, linaning'inia nyuma ya wote. Sisi wengine tunagonga mfululizo, na mwenye gongi anakaa tu anasubiri. Yakitimia mapigo kumi na sita anagonga mara moja, wimbo unakuwa umezunguka, tunaanza tena. Bwana Wiryo alisema mwenye gongi ndiye mwenye kazi ndogo kuliko wote, na ndiye pekee asiyeruhusiwa kukosea. Niliandika hayo kurasa tatu. Sikujua kwamba barua zangu zilikuwa zinasomwa kwa sauti mbele ya Baba Mkubwa Kaliksti.

Baba Mkubwa alikuwa na mtu wake: yule karani wa kutoka Mbeya, mwenye baiskeli na tai, aliyeleta posa wakati mimi niko darasani. Mtu safi, tusimsingizie. Ukoo ulimpenda kabla hata sijamwona. Kaka yako akakusanya barua zangu za mwaka ule, akazihesabu mbele ya wazee, kisha akasema, kama nilivyosimuliwa: "Barua kumi na moja. Kumi zinaeleza masufuria, moja inaomba sweta. Hivi huyu mtoto anasomea nini?"

Na wewe, uliyekataa ng'ombe wa mahari mara mbili ili nisome, ukachukua kalamu. Ndipo ikaja ile barua yako iliyonifanya nikae kwenye ngazi za bweni bila kusikia kengele ya chakula: "Skola, ukoo unauliza unasomea nini, na mimi nauliza. Mwaka mmoja umebaki. Njoo na hivyo vyombo tuvione. Kama ni jambo la maana utarudi kumalizia. Kama ni upuuzi, utabaki nyumbani."

Hukuwa mtu wa kutishia bure. Ulipotuambia utamchinja jogoo mkorofi, jioni tulikuwa tunakula jogoo mkorofi.

Bahati yangu, likizo ile kikundi kilikuwa kimepangiwa kwenda vijijini, kulima na wananchi mchana na kuonyesha sanaa za mataifa rafiki siku za mwisho. Nikamwomba Bwana Wiryo tuje kwetu. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Kuna baridi?" Nikamjibu, "Kidogo." Mungu anisamehe. Siku alipoteremka kwenye lori la baba yake Zuhura, pale uwanja wa ofisi ya kijiji, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mama akamvisha blanketi na kanga mbili na kofia yako ya kwendea kanisani. Akabaki hivyo muda wote aliokuwa kwetu, akinywa uji wa ulezi kwa mikono miwili na kusema "asante" kwa kila mtu, hata kwa mbwa.

Ndipo tulipofungua mizigo mbele ya watu. Vibao viko. Ngoma ya Zuhura iko. Tukafungua lile furushi kubwa la duara lililofungwa kwa mablanketi, na ndani, badala ya gongi, tukakuta sinia la pilau. Shangazi yake Zuhura alikuwa ametuma sinia la harusi kwa ndugu zake wa Sumbawanga, nalo lilifungwa kwa mablanketi vilevile na kuwekwa palepale. Waliopakia wakachukua moja, wakaliacha la pili bohari. Zuhura akanitazama mimi, mimi nikamtazama Zuhura, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyehakikisha. Baba Mkubwa akaligonga sinia kwa kidole na kusema kwa upole uliotuuma kuliko kelele, "Basi, masufuria yenyewe ndiyo haya."

Baba, nilikutazama usoni. Ulikuwa unaangalia chini.

Bila gongi wimbo hauna mwisho, unaenda tu kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Nilianza kuwaza maisha na yule karani. Nilijiuliza kama Pito, alikokuwa amepanga nyumba, kuna hewa nzuri. Lakini Bwana Wiryo, na kanga zake, alikuwa ameshatuacha. Tulimkuta amesimama mbele ya ringi yako.

Naandika "ringi yako" kwa sababu hakuna aliyewahi kuiita vinginevyo. Tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zote zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara ya kwenda Mwazye, na kamati ikaning'iniza ringi ya lori kwenye miti miwili mbele ya ofisi. Wakakupa wewe kazi ya kuigonga. Babu alikuwa myeyusha chuma, mmoja wa wale waliojenga tanuru ndefu za udongo ambazo mpaka leo nyingine zimesimama porini, kwa hiyo kamati ikaona chuma kiko kwenye damu. Ukaipokea kazi ile kama upadri. Kugonga harakaharaka kulimaanisha shamba la kijiji. Kugonga ovyo bila kupumua kulimaanisha moto au mnyama mkali. Kugonga mara moja, ukanyamaza, kisha tena mara moja, ukanyamaza, kulimaanisha msiba. Mtu mwingine hakugusa nondo ya kugongea. Ulikwenda nayo nyumbani na kuilaza chini ya kitanda, na Mama alikuwa akisema nyumba ikiungua utaokoa nondo kwanza, ndipo uulize yeye yuko wapi.

Bwana Wiryo akaikunja ngumi ndani ya kanga, akaigonga ringi taratibu kiasi cha kusikiwa na sisi tu tuliokuwa karibu. Akafumba macho. "Hii mzuri," akasema kwa Kiswahili chake. Kisha, katika baridi ile, akavua viatu, akainama, akachuma maua ya njano ya kando ya njia na kuyaweka chini ya ringi. Alipoinuka, mbuzi wa mwenyekiti alikuwa ameshayala. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulimsogelea Mama ukasema polepole, nikakusikia: "Kijiji kizima, huyu ndiye wa kwanza kuivulia viatu."

Kuanzia hapo hukuhitaji kubembelezwa. Ulitoa masharti tu. Ringi haitoki mahali pake, vyombo vitaifuata. Nondo hashiki mtu mwingine, kwa hiyo mpiga gongi utakuwa wewe. Bwana Wiryo alipoomba nondo izungushiwe kitambaa ili sauti iwe laini, ulimjibu, "Chuma hugongwa kwa chuma." Na tena, ringi haigongwi kwa majaribio, watu wasije wakafika shambani bure. Mazoezi tutafanya uani kwetu, kwa jembe bovu lililoning'inizwa kwenye paa la jiko.

Hivyo nikawa mwalimu wako kwa siku mbili. Nimefundisha maelfu ya watoto, Baba, na sijawahi kupata mwanafunzi mgumu kama wewe. Uligonga kwenye la kumi na moja. Uligonga kwenye la kumi na tisa. Mara moja uligonga kabla hatujaanza.

"Unasubiri nini hasa?" ukaniuliza.

"Nasubiri kumi na sita, Baba."

"Mbona inachelewa?"

"Haichelewi. Ni wewe unayewahi."

"Mimi sijawahi kuambiwa nimewahi," ukasema, na kwa kuwa ulikuwa maarufu kwa kuchelewa misa, Mama akaangusha mwiko kwa kicheko.

Ni Mama aliyetuokoa. Alikaa anachambua maharage, anakutazama unavyohangaika, mwisho akasema, "Huyo hawezi kuhesabu mikono ikiwa mitupu. Mpeni jembe." Tukadhani anatania. Wewe ukalichukua jembe, ukasimama nyuma yetu, ukaanza kulima hewa. Ulikuwa unapiga tuta, lile la mviringo la kwetu, la kufukia nyasi zioze chini ya udongo. Tuta lako, wewe mtu wa mpango, lilikuwa na majembe saba upande huu, saba upande ule, moja la juu la kufunika, kisha unanyoosha mgongo. Saba na saba na moja ni kumi na tano. Mgongo ukinyooka ni kumi na sita. Na kila mgongo uliponyooka, jembe la mkononi liligonga lile bovu la kwenye paa, likalia mahali pake.

Bwana Wiryo akasimama, blanketi likaanguka. Zuhura akasahau ngoma. Tulirudia mpaka giza likakaribia na hukukosea hata mara moja. Siku ya pili ulilitupa jembe, ukabaki unatikisa mabega kidogo tu, ukilima kichwani. Nilikuwa na fahari, Baba. Ningekuambia pale pale, lakini kwetu mtoto hamwambii baba yake amejifunza vizuri.

Ikaja Jumamosi, alasiri. Madawati ya shule yaliletwa uwanjani. Baba Mkubwa alikaa mbele amekunja mikono, pembeni yake yule karani na tai yake, amekuja kuangalia mali. Nusu ya kijiji walikuwepo. Nusu nyingine walikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye maharage yao na kwenye pombe ya komoni ya mjane wa ng'ambo. Mwenyekiti akahutubia juu ya umoja na kazi mpaka watu wakaanza kupiga miayo ya umoja. Kisha Zuhura akaamsha ngoma, vibao vikaingia, mabega yako yakaanza kulima. Saba, saba, moja, mgongo.

Ulipoigonga ringi, sauti ile ilipita juu yetu ikaenda. Sijui kama mtu mwingine ameshasikia kitu kizuri namna ile kutoka kwenye gurudumu la lori. Hata Baba Mkubwa alifungua mikono yake. Kimya kikakaa mahali pake, sisi tunazunguka chini yake, na kumi na sita ilipotimia ukagonga tena.

Mzunguko wa tatu nikasikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya bonde. Nikajisemea, kumbe na kule wanaupenda.

Mzunguko wa tano sauti zilikuwa nyingi. Mzunguko wa sita mkono wangu wa kushoto ukasahau kubana, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya. Tulikuwa tunatangaza msiba, tena si wa mtu mmoja. Kwa jinsi tulivyoendelea kugonga, ng'ambo walidhani tumekufa ukoo mzima.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mdogo Leokadia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alijitupa chini mbele ya madawati akagaagaa, "Jamani mmeniacha na nani!" huku tumemzunguka na wote tunapumua. Nyuma yake wakaja wanawake na unga vichwani, kuni, kuku wanaoning'inia kwa miguu. Akaja katekista na kitabu cha sala, anahema. Wakaja vijana wanne na majembe na sepetu, wamejaa udongo mpaka magotini, na mkubwa wao akauliza kwa heshima zote, "Tumeanza kuchimba kule juu. Marehemu ana urefu gani?"

Baba Mkubwa akasimama. "Acha! Acha kugonga!" Mwenyekiti akapunga mikono. Zuhura alikuwa anagonga ngoma huku machozi yanamtoka, sijui ya kucheka au ya hofu. Na wewe, Baba, ulikuwa umekaza macho mbele, mabega yanalima. Saba, saba, moja, mgongo. Ukagonga. Waombolezaji wakapandisha sauti.

Bwana Wiryo akaashiria tumalize. Zuhura akatoa ishara ya mzunguko wa mwisho. Tukaenda, tukafika, tukainua nyundo zetu juu kwa pamoja, na gongi halikuja. Kimya. Kuku mmoja akalia. Kisha, sote tukiwa tumeshamaliza, likaja peke yake, limechelewa mapigo mawili, kubwa na la aibu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Yaliyofuata unayajua, lakini ngoja nikukumbushe, maana hukuwahi kuyacheka vya kutosha. Mama Mdogo Leokadia alipoambiwa hakuna aliyekufa alikasirika vibaya. "Nimechafua kanga yangu bure? Hata mgonjwa hamna?" Katekista alisema ametembea mbali mno kurudi bila kusali, akasali, akawaombea marehemu wa zamani. Unga, kuni na kuku vilikuwa vimeshaletwa, na kwetu chakula cha msiba hakirudi nyumbani kwa mwenyewe, kwa hiyo vikapikwa. Sinia la pilau la shangazi yake Zuhura likapata kazi. Waombolezaji walipokwisha kula wakadai wapigiwe tangu mwanzo kile kilichowaua, ila bila ringi. Tukapiga, na vijana wa sepetu wakacheza.

Kicheko kilikwisha Jumatatu, kamati ya kijiji ilipokuita. Nilisimama nje ya dirisha.

"Unajua pigo moja na kimya maana yake nini?" mwenyekiti akauliza.

"Najua. Ni msiba."

"Ulilikumbuka lini?"

"Tangu pigo la kwanza."

"Sasa kwa nini hukuacha?"

"Wimbo wa mtoto ulikuwa haujaisha," ukasema.

Wakakunyang'anya nondo. Hawakuwa wabaya. Ringi ikidanganya mara moja, siku ya moto watu hawatatoka, na wewe mwenyewe ulikuwa umewafundisha hivyo. Akapewa shemeji wa mwenyekiti, ambaye wiki ile ile aliwaita watu shambani Jumapili asubuhi katikati ya misa. Ulirudi nyumbani ukaketi kwenye kiti chako, viganja vimelala magotini havina la kushika. Sijawahi kukuona mpweke kama vile. Nililia jikoni, na Mama akaniambia ni moshi, nikamjibu ndiyo, ni moshi.

Jioni ukoo ukaketi. Baba Mkubwa hakupoteza muda. Karani yuko tayari, akasema, na sisi tumeona kwa macho. Watoto wamekuja, wameua kijiji kizima, na hata kumaliza pamoja wimbo wao wenyewe wameshindwa. Miaka miwili chuoni, anasomea hesabu, na hajui kufika kumi na sita!

Nilikuwa nimekaa mkekani, naangalia kidole gumba cha mguu wangu. Ndipo ulipokohoa.

"Watoto walifika sawa," ukasema. "Aliyechelewa ni mimi. Mapigo mawili. Akili ilikwenda kwa wale wenye sepetu."

"Wewe mwenyewe unakiri?" Baba Mkubwa akauliza.

"Nakiri. Sasa niambieni, binti anakatishwa masomo kwa kosa la baba yake?"

Karani, maskini, alikuwa wa kwanza kuinuka. Nilisikia baadaye alioa mwalimu wa Pito asiyepiga chombo chochote, wakaishi vizuri. Mimi nikarudi chuoni, nikamaliza, nikapata kazi, nikalea wanangu kwa kazi hiyo, na wewe uliishi miaka mingi bila nondo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye misa ya kukukumbuka. Baada ya chakula, mtoto wa Baba Mkubwa akasimulia tena kisa chako. Mzee aliyetangaza msiba usio na maiti, kisha akakosea hata pigo la mwisho! Akaigiza unavyogonga umechelewa, mdomo wazi. Wajukuu wako walicheka mpaka wakajikunja. Mimi, Baba, nilicheka pia. Nimecheka kisa hicho kila mwaka, kwenye kila harusi na kila ubatizo, na wewe ulikuwa unakaa pembeni unatabasamu, unamwacha kila mtu akucheke.

Hukuchelewa. Mzunguko wa mwisho, yule kijana alipouliza urefu wa marehemu mara ya pili, nilicheka, macho yakajaa machozi, nikaruka mapigo mawili. Wenzangu walinifuata mimi, kwa sababu chombo changu ndicho kilichobeba wimbo. Tulifika mapema. Tulioinua nyundo juu kwa fahari tulikuwa wakosaji kumi, na mtu mmoja nyuma yetu, asiyejua nota hata moja, ndiye alikuwa bado anamalizia tuta lake. Nilijua pale pale uwanjani. Nilijua nikiwa mkekani. Ningefungua mdomo ningebaki nyumbani, basi nikaufunga, nikakuacha ubebe.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba uliamini kweli ulikosea. Lakini siku ile uliyonisindikiza mpaka Sumbawanga, nimeshapanda juu ya lori la baba yake Zuhura na dereva ameshawasha, ulinisogezea kikapu cha mihogo ukaniambia, "Haya, mama. Rudi ukamalizie kuhesabu." Nilidhani unasema masomo. Nilikupungia mkono nikicheka. Tulipoanza kushuka mlima ndipo nikakumbuka uso wako ulivyokuwa, nikaacha kucheka, na Zuhura akaniuliza kama naumwa.

Jumapili hii wajukuu wako watakuja kula kwangu. Nitawaambia kabla ya chakula, maana wakishashiba hawasikii. Najua nimechelewa, na safari hii aliyechelewa ni mimi kweli. Nitawasimamisha mmoja baada ya mwingine walime hewa, saba, saba, moja, mgongo, mpaka waone wenyewe kwa miili yao kwamba mtu anayelima hivyo hawezi kukosea.

Nimemaliza kuhesabu, Baba. Ilikuwa kumi na sita. Mimi niliishia kumi na nne.

Pumzika, mgongo umenyooka.

Binti yako,
Skola